Kitabu Kimetoka kwa Mashine, Jalada Lina Jina Lako

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya maswali ya bei ya uchapaji na ukubwa wa karatasi kwisha. Mtu alikuwa na wazo la riwaya, au kitabu cha malezi, au hadithi za watoto. Akakaa na ChatGPT jioni kadhaa, akaipa maelezo, ikamtolea sura moja baada ya nyingine, na sasa ana kurasa 150 zilizopangika vizuri kabisa. Anataka kujua kama anaweza kuweka jina lake juu ya jalada na kujiita mwandishi bila kuchekwa wala kushitakiwa.

Kwa wengi wanaouliza hivyo, jibu langu ni hapana, bado. Hiyo "bado" nimeitia makusudi, kwa sababu kazi iliyofika hapo haijaharibika. Imefika mahali ambapo mwandishi alipaswa kuanza, naye akadhani amemaliza. Namna ya kuianza nitaieleza, ila tutangulize sheria, maana ndiko iliko hasara ya fedha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inamtambua mwandishi kuwa ni binadamu aliyeibuni kazi. Hata muda wa ulinzi unapimwa kwa uhai wake: maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kufa. Mashine haifi, kwa hiyo hesabu hiyo haina pa kuanzia. Waliotunga sheria hiyo hawakuwa na habari ya akili mnemba ya namna hii, lakini ukiisoma kama ilivyo, sehemu ya kitabu ambayo hukuibuni wewe ni vigumu kuidai kuwa yako.

Kenya wana kifungu kingine, na sikisikii kikitajwa mara nyingi. Sheria yao ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi ikiwa imetengenezwa na kompyuta, mwandishi wake ni mtu aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Wazo hilo limo pia katika sheria ya Uingereza ya 1988, enzi ambazo kompyuta ilikuwa chombo cha kuchapia barua na kupiga hesabu. Mtu wa Nairobi aliyeandika agizo la mistari mitatu anaweza kukisoma kifungu hicho akashangilia. Asikimbilie. Sheria hiyohiyo inataka kazi ya fasihi iwe imetumiwa juhudi za kutosha kuipa upekee wake. Na hayo matayarisho ni ya nani hasa, ya aliyeandika agizo au ya kampuni iliyounda programu? Wakili wa upande wa pili hataliacha swali hilo lipite.

Marekani inatuhusu kwa sababu moja tu: vitabu vingi vya watu wetu wanaojichapishia vinauzwa Amazon. Huko msimamo umekwisha kuwa wazi. Stephen Thaler alitaka picha iliyotolewa na mashine yake iandikishwe, na mashine yenyewe itajwe kuwa ndiyo mtunzi. Ofisi ya Hakimiliki ikakataa, mahakama ikakataa Agosti 2023, na mahakama ya rufaa ya Washington ikakataa tena Machi 2025. Kesi hiyo ilikuwa ya mtu anayetafuta ugomvi wa kisheria, kwa hiyo isikushughulishe sana. Ya kukushughulisha ni ile ya Kris Kashtanova, aliyetoa kitabu cha katuni kiitwacho Zarya of the Dawn. Hadithi aliandika mwenyewe, picha alizitoa kwa programu ya Midjourney. Februari 2023 ofisi hiyo iliamua kwamba maneno ni yake, na mpangilio wa maneno na picha ni wake, lakini picha zenyewe hazimo katika ulinzi. Januari 2025 ikatoa ripoti ndefu zaidi, na humo ikasema kuwa maagizo peke yake, kwa jinsi programu zilivyo sasa, hayamfanyi mtu kuwa mwandishi wa kilichotoka.

Sasa itie hoja hiyo katika soko letu. Riwaya yako iliyotolewa na mashine imependwa. Mtu anaichukua, anabadilisha jalada, anaipiga chapa vichochoroni na kuiuza kwa nusu ya bei. Unakwenda kwa wakili. Swali lake la kwanza litakuwa: rasimu ziko wapi? Huna rasimu, una mazungumzo na programu. Unachoweza kukilinda hapo ni kidogo mno, pengine utangulizi na sura ulizozigeuza kwa mkono wako.

Watu hujibu kwamba wana cheti cha COSOTA au cha KECOBO, yaani ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, na wana namba ya ISBN. Haki ya mwandishi huzaliwa siku kazi inapobuniwa, iandikishwe isiandikishwe. Cheti ni ushahidi, na ushahidi unaweza kupingwa. ISBN, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba na Kenya na huduma ya maktaba ya taifa, ni namba ya kukitambulisha kitabu kwa wauzaji na wakutubi. Anayeitoa hakuulizi nani aliandika sura ya nne.

Hata hivyo, ile sauti ya chini haitokani na hofu ya mahakama. Anayeuliza anajua kuna jambo halijakaa sawa, na sheria haimtoi wasiwasi.

Kuna utetezi mmoja ninaousikia sana, na una uzito: kwamba jina lililo juu ya jalada halijawahi kusema ukweli wote. Mwaka 1903 kilitoka Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Desturi za Wasuaheli, juu yake jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya yaliyomo ilikuwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Velten alimtaja ndani, lakini jalada lilibaki la Velten, na ilikuwa mpaka mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo Mtoro alipowekwa mbele kama mwenye kitabu. Tukija karibu zaidi, nani asiyejua kwamba waheshimiwa huandikiwa kumbukumbu zao na waandishi vivuli? Kama mheshimiwa anaitwa mwandishi, kwa nini mimi niliyetumia mashine nisiitwe?

Hoja hiyo ina tundu. Mheshimiwa anapoandikiwa, maisha ni yake. Ukimwuliza kwa nini alijiuzulu mwaka ule, ana jibu, na jibu hilo halimo kwa mwandishi kivuli. Na mwandishi kivuli naye yupo, ana simu, anaweza kuulizwa kwa nini alianza na kifo cha baba badala ya siku ya kuapishwa. Kati ya hao wawili, kila sentensi ina mtu wa kuijibia. Katika kitabu cha mashine hakuna huyo mtu wa pili. Ukiiuliza programu kwa nini mhusika wako Zawadi aliondoka Tanga usiku, itakutengenezea sababu papo hapo, na ukiiuliza kesho itakutengenezea nyingine. Mzigo wote wa kujibu umebaki kwako, na wewe ndiwe uliyekuwa unasoma skrini.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, na unaweza kukifanya leo. Mpe rafiki mwenye ulimi mkali muswada wako. Afungue ukurasa wowote, aulize. Huyu bwana kwa nini hakumjibu mkewe? Kwa nini mvua imenyesha hapa? Hiki kisa cha mjomba kina kazi gani? Ukiwa na jibu linalotoka ndani ya hadithi, hata kama msomaji hatakubaliana nalo, wewe ni mwandishi wa ukurasa huo. Ukijikuta unasema "ndivyo ilivyotoka", ukurasa huo si wako. Hesabu kurasa za namna hiyo. Zikiwa chache, una kazi ya wiki mbili. Zikiwa nyingi, una wazo zuri ambalo bado halijaandikwa.

Kwa kipimo hichohicho mtu anaweza kuchukua maneno ya mashine neno kwa neno na akabaki mwandishi. Rie Kudan, Mjapani aliyepata Tuzo ya Akutagawa Januari 2024, alisema hadharani kwamba takriban asilimia 5 ya riwaya yake ilitoka moja kwa moja kwa ChatGPT. Kelele zikapigwa. Lakini ndani ya riwaya hiyo mna programu inayozungumza na wahusika, na maneno yale ndiyo majibu yake. Kudan alitaka yasikike yalivyosikika, laini na matupu. Mwulize kwa nini yapo, atakueleza.

Na upande wa pili wapo watu ambao hawakugusa kalamu kabisa na ni waandishi halali. Bibi asiyejua kuandika anasimulia habari za ukoo wake kwenye simu ya mjukuu, programu inageuza sauti kuwa maandishi, mjukuu anasahihisha majina na nukta. Kitabu hicho ni cha bibi. Mashine imefanya kazi ya karani. Ningefurahi sana kama wanaojiuliza swali hili wangetumia mashine kwa njia hiyo zaidi, maana tuna wasimuliaji wengi kuliko waandishi.

Turudi kwenye muswada wako. Hata ukisahau sheria na heshima, utaumbuliwa na lugha. Programu hizi zimelishwa Kiingereza kingi mno na Kiswahili kidogo kwa kulinganisha, kwa hiyo mara nyingi Kiswahili chake kimesimama juu ya mifupa ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili hatakwambia hivyo. Atasema tu kitabu "hakina ladha" na kukirudisha rafuni.

Anza na saa. Mhusika anaamka saa 7 asubuhi. Kwetu hakuna saa 7 asubuhi. Kuna saa 1 asubuhi, na saa 7 ni mchana, watu wanakula. Nimekuta kosa hili katika miswada ambayo wenyewe waliniapia kuwa wameipitia. Halafu angalia ukoo. Dada wa mama anaitwa shangazi, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa wote. Shangazi ni dada wa baba. Dada wa mama ni mama mdogo au mama mkubwa, na pwani utasikia khalati. Kosa hilo linaweza kuua hadithi nzima, hasa ikiwa inahusu mahari au mirathi, ambamo upande wa baba na upande wa mama havifanyi kazi moja. Kaka wa baba naye hugeuzwa mjomba. Mwisho wa yote, mzee wa miaka sabini anamwamkia kijana "shikamoo", na kijana anajibu "marahaba" bila aibu.

Kisha sikiliza sentensi. "Tabasamu lake halikufika machoni." "Moyo wake uliruka pigo moja." "Mlango ulifunguliwa na yeye." Kila neno ni la Kiswahili, lakini hakuna mama aliyewahi kusema hivyo jikoni. Wahusika wanaitwa Amina, Juma na Baraka, wanakaa katika kijiji chenye amani kisicho na jina, kimezungukwa na milima ya kijani, na chini ya mbuyu kuna mzee mwenye hekima. Mzee huyo hana ugoro wala deni, na hana mke anayemgombeza. Anatoa methali, na methali yenyewe ni kitu kama "mto mkubwa huanza na tone la subira", ambayo haikusemwa na mtu yeyote kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Kila methali iliyotoka kwa mashine itafute katika Kamusi ya Methali ya Wamitila au uwaulize wazee wawili. Isipopatikana, itoe, au umpe mhusika aiseme kama maneno yake mwenyewe.

Lahaja nazo hupotea. Mvuvi wa Kizimkazi, mama wa Kigoma na kijana wa Eastleigh wote wanazungumza kama taarifa ya habari. Hapa ndipo wewe una kitu ambacho mashine haina. Umepanda daladala, umekaa msibani, unajua jinsi shemeji yako anavyokwepa kujibu swali. Mazungumzo yaandike wewe yote, kutoka mwanzo, bila kuangalia yaliyotoka. Ukifanya hilo moja tu, nusu ya kitabu itakuwa imefufuka.

Kwa watunzi wa mashairi ushauri ni mfupi. Shairi la kawaida lina mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Hesabu kwa vidole. Utakuta mshororo wa mizani 15, unaofuata 17, na vina vimepatikana kwa kurudia neno lilelile. Sababu ni ya kiufundi: programu haioni silabi kama sikio linavyozisikia, inafanya kazi na vipande vya maneno vilivyokatwa kwa takwimu. Anayetaka kujiita mshairi kwa njia hii atakutana na wajuzi wa arudhi siku ya kwanza tu atakaposoma mbele za watu, na hao hawana huruma.

Mpaka hapa nimesema juu ya hadithi, ambamo kosa humwaibisha mwandishi peke yake. Kitabu cha maarifa kinaumiza watu wengine. Mwaka 2023 chama cha wapenzi wa uyoga cha New York kiliwaonya watu kuhusu vitabu vya kuchuma uyoga wa porini vilivyokuwa Amazon, vikishukiwa kuwa kazi ya mashine. Ukikosea uyoga unakufa. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma msimu wa joto, na 10 kati yake havikuwapo duniani, ingawa waandishi waliotajwa, akiwamo Isabel Allende, wapo kweli. Programu ilikuwa imevibuni na muhtasari wake.

Hebu fikiria kitabu cha mirathi kwa mjane wa Tanzania. Kwetu mirathi huendeshwa kwa njia tatu: sheria za kimila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya 1865 ambayo tuliirithi na bado tunayo. Mashine inaweza kumpa mjane huyo maelezo mazuri, yaliyonyooka, ya Sheria ya Urithi ya Kenya ya 1972, kwa sababu ndiyo iliyoikuta kwa wingi. Atayafuata, atapoteza nyumba. Ukitoa kitabu cha chanjo za kuku, mambo ni hayohayo: siku za chanjo ya kideri na gumboro zilizofaa kuku wa nyama wa nchi nyingine zinaweza kumaliza banda la mtu. Ushauri wangu kwa vitabu vya afya, sheria, dini na ufugaji ni mkali. Kama hujui somo kiasi cha kuligundua kosa bila msaada, usitoe kitabu. Kama unalijua, huihitaji mashine ikuandikie, unahitaji muda wa kukaa chini. Na jina likiwa lako, anayepigiwa simu kuku wakifa ni wewe.

Namna ya kuitumia bila kuikabidhi kazi ipo. Mimi siipingi mashine, napinga mpangilio wa kazi ambao watu wengi wameuchukua, wa mashine kuandika na mtu kusahihisha. Ugeuze. Andika rasimu ya sura kwanza, mbovu kadiri itakavyokuwa, au izungumze kwenye simu ukitembea. Ukimaliza, ipe programu na uifanye msomaji. Iulize: wapi hukuelewa? Ni mhusika gani umemsahau? Ni swali gani la msomaji sijalijibu? Majibu mengine yatakuwa ya ovyo, mengine yatakufungua macho. Usiiambie "iandike upya". Ukishaiambia hivyo, sentensi zitakazorudi zitakuwa safi kuliko zako, na utaanza kuzionea haya zako. Hapo ndipo nimeona watu wenye sauti nzuri wakizipoteza.

Inafaa kwa tahajia, kwa kukagua kama jina la mtaa limeandikwa namna moja kitabu kizima, kwa kupanga faharasa, kwa kukumbusha kwamba Mzee Shomari alikufa sura ya pili na sasa yuko sura ya tisa anakunywa kahawa. Kwa muhtasari wa kumpelekea mchapishaji pia, ingawa ningependa uandike mwenyewe. Usiingize humo muswada wa mtu mwingine bila ruhusa yake, hata ukiwa mhariri wake. Na kabla ya kuingiza wako, fungua mipangilio ya programu uangalie kama maneno yako yatatumika kuifundisha. Hilo si dogo: mwaka 2025 kampuni ya Anthropic, inayotengeneza programu ya Claude, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi ambao vitabu vyao vilipakuliwa kutoka maktaba za uharamia za intaneti, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu. Waandishi hao walidai kwa sababu walikuwa na cha kudai.

Wewe nawe jitengenezee cha kudai. Tunza rasimu. Kila ukimaliza sura, hifadhi faili lenye tarehe, usifute lililotangulia. Daftari la mkono lisitupwe. Jitumie sura kwa barua pepe. Ulipoomba msaada wa mashine, hifadhi ulichouliza na ilichojibu. Siku ya ugomvi, au siku mchapishaji atakapokushuku, huo utakuwa ushahidi mzito kuliko kiapo chochote.

Maana wachapishaji wanashuku, na wana haki. Februari 2023 jarida la hadithi za kubuni za kisayansi la Clarkesworld, la Marekani, lililazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu lilifurikwa na hadithi za mashine. Walioumia ni waandishi wapya, ambao hawakuwa na jina wala njia nyingine ya kuingia. Amazon nao, Septemba 2023, walianza kumtaka anayejichapishia atamke kama maneno, picha au tafsiri ya kitabu imetolewa na akili mnemba, na wakaweka kikomo cha vitabu vitatu vipya kwa siku. Vitatu kwa siku! Kikomo hicho peke yake kinakwambia kulikuwa na nini kabla yake. Ikiwa uliandika mwenyewe na mashine ikasahihisha tu, Amazon hawataki utamke. Ikiwa mashine ilitoa maneno ukayasahihisha wewe, wanataka, hata kama ulisahihisha mengi. Na neno tafsiri hapo lisikupite: kitabu cha Kiingereza kilichogeuzwa Kiswahili na programu kinahesabiwa kuwa cha mashine, mbali na kwamba kutafsiri kitabu cha mtu bila ruhusa ni kosa hata ukitumia kalamu ya unyoya.

Kwa mashindano, soma masharti kabla ya kutuma, na yasipotaja akili mnemba waandikie waandaaji uwaulize, kisha tunza jibu. Kwa mkataba wa uchapishaji, tafuta kifungu ambamo unathibitisha kuwa kazi ni yako na kwamba utabeba gharama mtu akidai vinginevyo. Wengi hukisaini bila kukisoma. Kama sehemu ya kitabu imetoka kwa mashine, mwambie mchapishaji kabla ya kusaini, kwa maandishi, ukitaja kurasa. Anaweza kukataa. Anaweza pia kukubali na kupunguza kifungu, na nimeona yote mawili.

Wasomaji nao wana haki ya kuambiwa, hata pale sheria haikulazimishi. Weka mstari kwenye ukurasa wa hakimiliki, bila kuomba radhi na bila kujisifu: kwamba hadithi na maneno ni yako, kwamba tahajia imekaguliwa kwa programu, kwamba picha za ndani zimetolewa na programu fulani. Ukiona mstari wa kweli unakuwa mrefu na wa kuficha, rudi kwenye kile kipimo cha rafiki mwenye ulimi mkali. Na kama ulichofanya ni kuchagua, kukata na kupanga yaliyotoka kwa mashine, jiite hivyo: "kimekusanywa na kuhaririwa na". Ni cheo cha heshima.

Wapo ambao kitabu kimekwisha kutoka. Nakala zimejaa stoo, ndugu wamenunua, na sasa makala hii inawakera. Usizichome. Ondoa kitabu kwenye duka la mtandaoni kwa muda, chukua nakala moja na kalamu nyekundu, upige mstari kwenye kila ukurasa usioweza kuujibia. Kama ni cha afya au sheria, simamisha mauzo leo na umtafute mtaalamu akipitie, umlipe. Kama ni hadithi, anza na mazungumzo kama nilivyosema, kisha ukoo na saa, kisha wahusika. Kitoe kama toleo la pili, lenye ISBN yake, na utangulizi unaosema kilichobadilika. Nakala za zamani ukiamua kuziuza, ziuze kwa bei ya kurudisha karatasi, na umweleze mnunuzi ni toleo gani alilolishika.